Andrew Carnegie na Deni la Karatasi Moja



Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla hatujafika kwenye hesabu za mwaka na kadi za michango, tunatoa kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kututangulia, ambaye tunaamini ana la kutufundisha. Safari hii tumekwenda mbali kidogo, hadi Uskoti na Marekani. Tumefanya hivyo kwa sababu ya swali linalojitokeza karibu kila tunapokutana, vikaoni na hata misibani: mtu anayehangaikia riziki mjini atafanikiwaje kimaisha bila kuiacha roho yake nyuma? Wapo wanaoliuliza wakitoka kanisani, wapo wanaoliuliza wakitoka msikitini, na wapo wanaoliuliza wakiwa kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri.

Andrew Carnegie alijiuliza swali hilo mwaka 1868, akalijibu kwa maandishi, kisha akakaa zaidi ya miaka 30 bila kutimiza alichoandika. Ndiyo maana tumemchagua. Angekuwa mtu asiye na doa tungemsifu tu na kufungua ukurasa unaofuata. Lakini yeye alikuwa mtu kama sisi, aliyejua lililo jema na akaliahirisha. Alipolifanya hatimaye, alilifanya kwa ukubwa ambao dunia inaukumbuka hadi leo.

Mtoto wa mfumaji

Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 katika mji mdogo wa Dunfermline, Uskoti. Nyumba yao ilikuwa ya wafumaji. Baba yake, William, alifuma vitambaa vya kitani vya mezani kwa mikono, na mama yake, Margaret, alikuwa binti wa fundi viatu. Waliishi kwa kazi ya mikono yao na hawakuwa na cha ziada, lakini walikuwa na heshima zao na walipenda kusoma na kujadili mambo ya siasa.

Kisha zikaja mashine za kufuma zinazoendeshwa kwa mvuke. Kitambaa kilichomchukua William siku nyingi kilitoka kiwandani kwa muda mfupi na kwa bei ndogo. Oda zikapungua, mashine za mikono nyumbani zikauzwa, na mama akafungua kiduka na kushona viatu ili watoto wale. Mwaka 1848 walikopa paundi 20 kukamilisha nauli, wakapanda meli kwenda Marekani, wakafikia kwa ndugu waliotangulia huko Allegheny, karibu na mji wa viwanda wa Pittsburgh. Andrew alikuwa na miaka 12. Wenzetu waliowahi kuondoka kijijini na sanduku moja, wakapokelewa na shangazi au mjomba katika chumba cha kupanga, wanaijua safari hiyo.

Huko Allegheny baba aliendelea kufuma, akawa anatembeza vitambaa vyake nyumba kwa nyumba, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Mama alishona viatu usiku kucha. Andrew naye akaingia kiwanda cha pamba. Kazi yake ilikuwa kubadilisha vijiti vya kuzungushia uzi, akianza kabla ya mapambazuko na kutoka giza limeshaingia, kwa ujira wa dola 1 na senti 20 kwa wiki. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kulinda boila chini ya jengo na kuchovya vijiti vile kwenye mafuta ambayo harufu yake ilimtapisha. Nyumbani hakusema neno. Aliona wazazi wake wamebeba ya kwao.

Jumamosi kwa Kanali Anderson

Baada ya hapo alipata kazi ya utarishi katika ofisi ya telegrafu, akipeleka ujumbe mjini Pittsburgh. Alikariri majina ya mitaa na ya wafanyabiashara, kisha akajifunza kusikiliza mlio wa mashine na kuandika ujumbe bila kusubiri karatasi yenye alama, jambo ambalo watu wachache waliliweza wakati huo.

Lakini tukio lililomjenga zaidi halikuwa la kazi. Mjini hapo palikuwa na mzee mmoja mwenye uwezo, Kanali James Anderson, aliyekuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani kwake. Kila Jumamosi alifungua mlango wake ili vijana wanaofanya kazi waje kuazima kitabu kimoja na kurudisha kile cha wiki iliyopita. Utaratibu ulipobadilishwa na matarishi wakaambiwa walipe kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa wanafunzi wa ufundi, Andrew aliandika barua gazetini kupinga. Alikuwa bado kijana wa miaka 17 hivi. Mlango ukafunguliwa tena kwa wote.

Tunaomba wanachama walitafakari hilo kidogo. Kanali Anderson hakuwa milionea na wala hakujenga jengo kubwa. Alitoa alichokuwa nacho, siku moja kwa wiki, kwa watoto wa wengine. Miaka mingi baadaye Carnegie alimjengea kumbukumbu mjini hapo, na alikiri kwamba wazo la maktaba zote alizojenga duniani lilitoka kwenye mlango ule wa Jumamosi.

Kuhusu dini, familia hiyo ilikuwa na historia ngumu. Baba yake aliacha kanisa alimokulia baada ya kusikia mahubiri yaliyosema watoto wachanga wengine wamekwisha kuhukumiwa motoni. Andrew naye hakuwa mtu wa ibada sana maishani mwake. Alipenda muziki wa kanisani, akaimba kwaya ujanani, na alipotajirika alisaidia makanisa kununua vinanda zaidi ya 7,000. Mwenyewe alitania kwamba angeweza kudhamini kile kinachosemwa na kinanda, lakini si kila kinachosemwa mimbarani. Kwa hiyo mtu huyu hatumleti kama kielelezo cha ushikaji dini. Tunamleta kwa sababu alihisi kwamba mtu ana upande wa ndani unaohitaji chakula chake, na kwamba fedha zinaweza kuula upande huo zikiachiwa.

Karatasi ya mwaka 1868

Mwaka 1853 Thomas Scott, kiongozi katika kampuni ya reli ya Pennsylvania, alimchukua kuwa karani wake kwa dola 35 kwa mwezi. Mwaka 1855 baba yake alifariki, na kijana wa miaka 19 akawa tegemeo la mama na mdogo wake, Tom. Kwa fedha za kukopa alinunua hisa 10 za kampuni ya usafirishaji mizigo. Ilipokuja hundi ya gawio la kwanza, dola 10, alishangaa kuona fedha zisizotokana na jasho lake. Kufikia mwaka 1859 alikuwa msimamizi wa kanda nzima ya reli. Kisha akaingia kwenye mabehewa ya kulala, mafuta, na ujenzi wa madaraja ya chuma. Mwaka 1865 aliacha ajira ya reli na kufanya biashara zake.

Desemba 1868, akiwa na miaka 33, alikaa katika chumba cha hoteli mjini New York akapiga hesabu ya mali yake. Ilikuwa takriban dola 400,000, na kipato chake cha mwaka kilizidi dola 50,000, utajiri mkubwa kwa wakati ule. Akachukua karatasi na kujiandikia agizo. Aliandika kwamba dola 50,000 kwa mwaka zinamtosha na hatatafuta zaidi. Ndani ya miaka miwili angeacha biashara, angekwenda Oxford kusoma na kukutana na watu wa elimu, na ziada yote angeitumia kwa manufaa ya watu. Aliandika pia kwamba binadamu lazima awe na kitu anachokiabudu, na kwamba kuabudu fedha ndiko kunakomshusha mtu kuliko ibada nyingine zote za sanamu. Akaonya kwamba akiendelea kwa muda mrefu na shughuli za namna ile, atajiharibu kiasi cha kutorekebishika.

Karatasi hiyo hakumwonyesha mtu. Ilipatikana katika nyaraka zake baada ya kifo chake.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hili Carnegie alikuwa nalo kwake mwenyewe, na alikuwa na uwezo wa kulilipa siku ileile, maana kipato chake kilikuwa tayari kimevuka kikomo alichojiwekea. Hakulilipa. Miaka miwili ilipita, ikapita mingine, naye akazama katika chuma cha pua. Mwaka 1875 kiwanda chake kikubwa kilianza kazi huko Braddock. Mwaka 1883 akanunua kile cha Homestead, ng'ambo ya mto. Alikuwa hodari wa hesabu. Alijua gharama ya kila tani, alibomoa mashine nzuri ili aweke iliyo bora zaidi, na biashara ilipodorora wengine wakafunga, yeye alijenga. Mwaka 1900 kampuni ilipata faida ya dola milioni 40, na mgao wake mwenyewe ukawa milioni 25. Hiyo ni mara 500 ya kiasi alichosema kinamtosha.

Hatusemi hakutoa kitu katika miaka hiyo. Mwaka 1881 alimrudisha mama yake Dunfermline, na bibi yule aliyeondoka kwa nauli ya mkopo akaweka jiwe la msingi la maktaba ya kwanza iliyojengwa kwa fedha za mwanawe. Alimpenda mno mama yake, hata hakuoa wakati wa uhai wake. Mwaka 1886 mama na mdogo wake Tom walifariki katika kipindi cha wiki chache, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 51, alimuoa Louise Whitfield, na mtoto wao wa pekee, Margaret, alizaliwa mwaka 1897.

Mwaka 1889 aliandika makala maarufu kuhusu mali. Alieleza kwamba tajiri ni mdhamini tu wa fedha za jamii, anapaswa kuzitoa akiwa hai, na anayekufa akiwa amezikumbatia anakufa na aibu. Makala hiyo ilisomwa kote duniani. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo jingine ambalo wengi hulipita: kwamba fedha ile ikigawanywa kidogo kidogo kwa wafanyakazi ingeliwa na kwisha, kwa hiyo ni heri akae nayo mtu mmoja mwenye akili, kisha awarudishie wote kwa pamoja kama maktaba au bustani.

Homestead

Wazo hilo lilipimwa mwaka 1892. Pale Homestead wafanyakazi walikuwa na chama chenye nguvu, na mkataba wao ulikuwa unaisha. Kampuni ilitaka kupunguza viwango vya ujira na kuondokana na chama. Carnegie alikwenda Uskoti kupumzika kama kila mwaka, akamwachia kazi mwenzake, Henry Clay Frick, ambaye msimamo wake ulijulikana. Kabla ya kuondoka alikwisha kuunga mkono kiwanda kiendeshwe bila chama.

Frick alizungushia kiwanda uzio mrefu wa mbao na kuwafungia wafanyakazi nje. Alfajiri ya tarehe 6 Julai 1892 walinzi wa kukodi wapatao 300 waliletwa kwa matishari mtoni. Wafanyakazi na familia zao wakashuka ukingoni kuwazuia. Risasi zilipigwa kutwa nzima. Watu wapatao 10 walikufa, wafanyakazi na walinzi, na wengi wakajeruhiwa. Kisha gavana akaleta wanajeshi wa jimbo wapatao 8,000, kiwanda kikafunguliwa kwa watu wapya, na chama kikavunjika. Waliobaki walifanya kazi saa 12 kwa siku, na kwa wengi hapakuwa na Jumapili.

Carnegie hakurudi. Alikaa Uskoti huku magazeti ya nchi zote mbili yakimsema. Baadaye aliandika kwamba katika maisha yake yote ya biashara hakuna jambo lililomuumiza kama lile. Tunaamini aliumia kweli. Lakini mjane wa Homestead aliumia zaidi, na maktaba iliyofunguliwa mjini hapo mwaka 1898 haikumrudishia mumewe. Baadhi ya wafanyakazi waliuliza swali rahisi: mtu anayetoka kazini baada ya saa 12 za joto la tanuru atasoma kitabu saa ngapi? Mwaka 1904 watu wa mji wa Wheeling, jimbo la West Virginia, walipiga kura kukataa maktaba yake, wakiongozwa na vyama vya wafanyakazi vilivyoikumbuka Homestead.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kugawa maisha mafungu mawili, la kwanza la kuchuma na la pili la kutubu. Mtu hujiambia kwamba sasa hivi biashara ni biashara, nikishapata nitakuwa mwema. Lakini roho haisubiri kwenye benchi huku mali ikitafutwa. Inaumbwa au inaumbuliwa palepale dukani na ofisini, katika namna tunavyomlipa dada wa kazi, tunavyopima kilo ya mteja, na tunavyomjibu kijana anayedai ujira wake wa wiki mbili. Carnegie alitaka kuwapa wafanyakazi nafasi ya kukua kiakili na kiroho, na papo hapo akawanyima muda na ujira wa kukulia. Sadaka iliyokuja baadaye ilikuwa kubwa, nayo ilifaa watu wengi. Haikufuta yaliyotangulia.

Kulipa deni

Mwaka 1901 aliuza kampuni yake kwa kundi la J. P. Morgan kwa dola milioni 480. Sehemu yake ilizidi milioni 225. Alikuwa na miaka 65, miaka 30 nyuma ya tarehe aliyojiandikia. Kuanzia hapo aliifanya kazi ya kutoa kwa bidii ileile aliyokuwa nayo ya kuchuma.

Miongoni mwa mambo ya kwanza ilikuwa kutenga dola milioni 4 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vyake walioumia kazini na familia za waliokufa, na pensheni kwa wazee. Kisha zikaja maktaba, zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, zaidi ya 1,600 kati yake Marekani. Aliwawekea walimu wa vyuo pensheni. Aliwatunuku raia wa kawaida waliohatarisha maisha yao kuokoa wengine. Alijenga Jumba la Amani mjini The Hague, lililofunguliwa mwaka 1913. Mwaka 1911 aliunda mfuko mkubwa, Carnegie Corporation, ambao uliendelea baada yake na ukafika hata kwetu Afrika Mashariki: fedha zake zilisaidia kuanzisha Jeanes School huko Kabete, Kenya, mwaka 1925, palipofundishwa walimu wa kuzungukia shule za vijijini.

Nyumbani Dunfermline kulikuwa na jambo lililomgusa zaidi. Palikuwa na bonde zuri lenye miti, Pittencrieff, mali ya mwenye shamba mmoja. Siku moja kwa mwaka lango lilifunguliwa kwa watu wa mji, lakini ukoo wa mama yake Carnegie haukuruhusiwa kuingia, kwa sababu wazee wake waligombana na mwenye mali wakidai haki ya watu kuingia kwenye magofu ya kale yaliyokuwa eneo hilo. Andrew alikua akichungulia. Mwaka 1902 alilinunua bonde lote, na mwaka uliofuata akalikabidhi kwa watu wa mji liwe bustani yao, pamoja na mfuko wa kulitunza. Hakujijengea jumba humo. Lango ambalo mtoto wa mfumaji alizuiwa, leo anapita yeyote.

Mwacha asili ni mtumwa, na Carnegie, pamoja na makosa yake yote, hakuiacha asili yake.

Sharti lake

Kwa chama kama chetu, somo kubwa zaidi huenda lisiwe kiasi alichotoa, bali masharti aliyoweka. Alipoombwa maktaba hakutuma fedha na kusahau. Mji ulitakiwa kwanza kutoa kiwanja. Pili, ulitakiwa kuahidi rasmi, kwa kodi yake wenyewe, kutenga kila mwaka asilimia 10 ya thamani ya msaada kwa ajili ya uendeshaji. Mji uliopewa dola 10,000 ulipaswa kutoa dola 1,000 kila mwaka kulipa mhudumu, kununua vitabu na kukarabati paa. Asiyeahidi hakupewa. Wengine walimwona mgumu. Lakini alijua kwamba kitu kisicho na jasho la mwenyeji hakina mwenyewe, na jengo lisilo na bajeti ya kesho ni gofu linalosubiri siku yake.

Sisi wenyewe tunayajua hayo. Nani kati yetu hajaona mradi uliozinduliwa kwa ngoma na utepe, mgeni rasmi akapiga picha, kisha baada ya misimu miwili ya mvua bati likang'oka na popo wakahamia? Pampu ya kisima hufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Tatizo huwa si ukosefu wa mfadhili. Ni kwamba hatukujiwekea fungu la kutunza.

Na jengo pia halitoshi kama mlango wake hauko wazi. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, nayo ilisaidiwa na fedha za mfuko wa Carnegie, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mtoaji alikuwa ameshakufa, na kosa lilikuwa la waliokuwa na funguo. Hata hivyo linatukumbusha kuuliza, kabla ya kuchanga, nani hasa ataingia.

Mwisho wake

Carnegie aliamini kwamba fedha na mazungumzo vingeweza kukomesha vita. Mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwa Jumba la Amani, Vita Kuu ya Kwanza ililipuka. Alikuwa Uskoti akiandika habari za maisha yake. Aliiacha kalamu, akarudi Marekani, na hakuiona tena nchi aliyozaliwa. Wanaomfahamu walisema alizeeka ghafla. Alifariki tarehe 11 Agosti 1919 huko Lenox, Massachusetts, akiwa na miaka 83, akazikwa Sleepy Hollow, jimbo la New York. Alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 350, yaani karibu asilimia 90 ya mali yake, na sehemu kubwa ya iliyobaki iliachwa kwa mifuko ya misaada na posho za watu.

Je, alilipa deni la ile karatasi? Tunasema alilipa fedha zote, lakini akachelewa kulipa miaka. Oxford hakwenda kusoma. Miaka ambayo angekuwa mtu mwingine aliitumia kuwa tajiri zaidi, na katika miaka hiyo ndimo ilimo Homestead. Mali alipewa nafasi ya kuirudisha. Muda hakupewa.

Ndugu zetu, wengi wetu tunayo karatasi kama ile, hata kama hatukuiandika. Tumejiambia kwamba nikimaliza nyumba nitaanza kuchangia. Nikimaliza ada za watoto nitarudi kwenye ibada kwa utulivu. Nikistaafu nitaketi na wazee wa kijiji na kuwasikiliza. Hakuna ubaya kujenga nyumba, na hatumdharau mtu kwa kutafuta. Ufukara nao si utakatifu, na aliyekwisha kuuguliwa na mtoto bila nauli ya kwenda hospitali hatatudanganya kuhusu hilo. Tunachosema ni kwamba kikomo kinachosogezwa kila mwaka si kikomo tena. Ni heri mtu aamue leo kiasi kinachomtosha, na sehemu ya kumi, au ya ishirini, au ya hamsini aitoe leo, angali anatafuta, huku akiwatendea haki wale wanaomsaidia kutafuta. Kutoa ni moyo, si utajiri. Kanali Anderson alikuwa na vitabu 400 na Jumamosi moja.

Mwaka huu harambee yetu ni ya chumba cha maktaba katika shule yetu ya sekondari. Kijiji kimekwisha kutoa kiwanja, na wazazi wameahidi mchanga, mawe na nguvu kazi. Kamati inapendekeza kwamba katika kila shilingi 10 zitakazopatikana, shilingi 1 iwekwe pembeni kwa matunzo, na kwamba kila mwaka tuendelee kuchangia fungu hilo hata ukishakwisha msisimko wa ufunguzi. Tunapendekeza pia mlango wa maktaba uwe wazi Jumamosi kwa kijana yeyote wa kijiji, awe mwanafunzi, awe muuza genge, awe dereva wa bodaboda.

Kadi za michango zimo mwishoni mwa kijitabu hiki, na mweka hazina yuko tayari kupokea kiasi chochote na kutoa stakabadhi. Asiye na fedha alete kitabu. Asiye na kitabu alete Jumamosi moja ya muda wake. Nanyi mliojaliwa zaidi, tunawaomba msisubiri mpaka mjaliwe zaidi ya hapo.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu sote, pamoja na mikono ya wale wanaotufanyia kazi.